Printa ya leza inavuta karatasi mbili kwa pamoja

Swali: Ndugu wataalamu, printa yangu ya leza huvuta karatasi mbili kwa mpigo kutoka trei ya chini, ilhali nikiilisha kwa mkono hupitisha vizuri. Tatizo liko wapi?

Jibu: Chunguza kwanza pedi ya kutenganisha karatasi, kile kipande kidogo cha mpira kinachokabiliana na rola ya kuvutia, kwani kikishalika na kung'aa hukosa msuguano wa kuizuia karatasi ya pili.

Jibu: Naafiki, ila karatasi zilizonyonya unyevu nazo hugandana. Zipepee kabla ya kuzipakia.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nilizima printa, nikaifuta pedi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kurasa 20 zimetoka moja moja. Hata hivyo mpira umelika katikati, hivyo nitaubadilisha.