Mabakuli ya mawe ya makaburini Nakuru: yarudi chini au yabaki makumbusho?

Wadau hili jambo linanikera kitambo, ngoja nilimwage hapa. Pale kilima cha Hyrax Hill Nakuru, Kenya, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alianza kuchimba 1937 akakuta makaburi 19 ya kale yamefunikwa mawe, na cha ajabu wanawake ndo walizikwa na mabakuli ya mawe, wanaume hola. 1938 yeye na mumewe Louis wakachimba pango la mto Njoro, huko maiti za watu karibu 80 zilichomwa moto miaka kama 3000 iliyopita, zikawekewa bakuli, mchi, jiwe la kusagia na shanga. Sasa fikiria mtu amekaa na jiwe la volkano anagonga anachokonoa katikati siku nenda rudi, chuma hana, mpaka litoke bakuli, halafu anamwachia marehemu aende nalo. Hiyo ni mali ya mtu jamani. Mi nasema mifupa izikwe tena na bakuli lake, ukivitenganisha unabaki na chombo cha jikoni tu ndani ya kabati la kioo.

— Mkuu nakuelewa, ila msiba ni wa nani? Wale walikuwa wafugaji wa kale, na utafiti wa DNA ya wafugaji wa enzi hizo Kenya na Tanzania uliotoka 2019 ulionyesha damu mchanganyiko, ya kaskazini mwa Afrika, ya upande wa Sudan na ya wawindaji wa hapahapa. Mmasai atasema wake, Mkalenjin atasema wake, tutagombania maiti hatuijui hata jina.

— Na mkifukia tu usiku yanachimbuliwa. Nendeni Kunduchi, Dar es Salaam mkaone, yale makaburi ya kale yaliyojengewa nguzo yalipachikwa mabakuli ya Kichina, sasa hivi mengi yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa.

— Wizi sio hoja, wezi wanaiba hata misalaba ya juzi na hatujaacha kuzika. Na huyo wa pili anayeuliza msiba wa nani, maiti ya barabarani isiyo na ndugu si inazikwa na manispaa?

— Haya tukubali ya Hyrax Hill. Wa Njoro walishachomwa, utazika nini, majivu?

— Mifupa iliungua ila haikuisha mkuu, ndo maana waliweza kuwahesabu.