Mume ana aleji ya paka: mashine ya hewa, chakula maalumu au niwahamishe?

Bint_Chumbageni
Habari zenu wapendwa. Nimeolewa mwezi wa nne, nikahamia kwa mume wangu na paka wangu wawili, Simsim na Kahawa. Tangu hapo yeye ni chafya na macho mekundu kila asubuhi. Kuna duka limenitajia mashine ya kusafisha hewa kwa laki sita na nusu. Dada anasema nitafute chakula cha paka cha kupunguza aleji. Mama anataka niwarudishe nyumbani. Hela inatosha jambo moja tu. Nichague lipi?

Pwani_Raha
Hujasema nyumba ikoje. Mnatumia AC au madirisha wazi? Paka wanaingia chumbani? Kuchuja hewa huku madirisha yako wazi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, kifua kinambana? Usiku akipumua kinalia? Kama kuna pumu, hospitali kwanza. Na je, amepimwa, au mmeamua tu kwamba ni paka?

Mfugaji_TA
Usiwahamishe! Mimi nawaogesha wangu kila Jumamosi na mke wangu hana shida. Chagua wa manyoya mafupi tu.

Nesi_Mstaafu
Manyoya hayana kosa. Kinachomsumbua mtu ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba inaganda kwenye manyoya, ikikauka inapeperuka. Hata paka asiye na manyoya anayo. Ukimwogesha inapungua siku chache, kisha inarudi.

Bint_Chumbageni
Samahani, nilisahau. Vyumba viwili, madirisha wazi, feni. Paka wanalala kitandani miguuni kwetu. Kifua hakimbani. Hajapimwa. Anameza Piriton usiku, asubuhi anasinzia kazini.

Nesi_Mstaafu
Aulizie cetirizine au loratadine duka la dawa, hazilevyi usingizi kama Piriton. Na hao paka watoke kitandani leo hii.

Mama_Iddi
Bint, nisome mimi kabla hujafanya lolote. Mume wangu alikuwa hivyohivyo. Ukoo mzima ukasema paka, nami nikakubali. Nilimtia Zafarani kwenye kikapu cha ukili, nikafunga mdomo kwa kanga, tukapanda gari mpaka Muheza kwa ami yangu. Alilia njia nzima, akitoa kidole kimoja kwenye tundu la kikapu. Nyumbani chafya ziliendelea. Tukaambiwa tuvumilie, maana mabaki ya paka hukaa miezi kwenye mazulia na makochi, na hilo ni kweli. Mwezi wa sita ndipo akapimwa: vitone mkononi, anachomwa kidogo juu ya kila kimoja. Cha paka hakikuvimba. Cha mende na cha wadudu wa vumbi la godoro vilivimba kama vipele vya mbu. Tulikuwa tunalalia godoro la sufi la marehemu bibi! Tukalitoa, akapata nafuu. Nikaenda kumfuata Zafarani. Ami akasema alitoka wiki ya pili, hajaonekana tena. Mpaka leo naumia. Kapimeni kwanza.

Muscat_Mswahili
Pole Mama Iddi. Mimi niko Muscat, nyumba zimefungwa, AC mchana na usiku, kwa hiyo mashine yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana za hewani, imenisaidia. Chakula nimejaribu pia, LiveClear ya Purina, ya tangu 2020. Kina yai lenye kinga inayoikamata ile protini mdomoni mwa paka. Wenyewe wanasema inapungua kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya tatu. Ila ndiyo matumizi ya kila mwezi hayo.

Kiboko_ya_Panya
Paka mahali pake ni uani, akamate panya.

Mfugaji_TA
Uani wanakula panya waliokula sumu. Nimezika watatu. Paka si najisi, Mtume amesema ni katika wanaotuzungukia majumbani.

Kiboko_ya_Panya
Sijasema najisi. Nimesema uani.

Nesi_Mstaafu
Bint, kuna dume hapo? Dume asiyehasiwa ndiye anayetoa protini nyingi zaidi.

Bint_Chumbageni
Kahawa ni dume, hajahasiwa. Tutakwenda kupima mwisho wa mwezi. Jana tulifunga mlango wa chumba. Simsim alikwangua mbao mpaka alfajiri, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeamka kumfungulia. Chafya ziko palepale.

Pwani_Raha
Usiku mmoja hautoshi. Mapazia na chandarua umefua?