Mabinti waliozaa wakiwa shule: nini kiliwasaidia wasichanganyikiwe? Tupeane uzoefu

Mama wa Moro:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka 16, alikuwa kidato cha pili, kajifungua Machi. Mambo ya nepi na uji nayamudu. Kinachonishinda ni ukimya wake. Ananyonyesha amegeukia ukuta. Ukimuuliza, "niko sawa mama." Na niseme ukweli: miezi minne ya ile mimba sikumsemesha zaidi ya "njoo ule". Sasa hasira zangu zimeisha, yeye ndiyo kanyamaza. Mliopitia, semeni kilichosaidia. Mahubiri tumeshapata ya kutosha, kanisani na kwa majirani.

Fundi Cherehani:
Shikamoo mama. Mimi nilizaa 2016, nina miaka 17. Mwaka uliofuata Rais Magufuli mwenyewe akatangaza kwamba aliyezaa harudi shule. Nilisikia redioni huku nafua nguo za mtoto. Baba hakunipiga wala hakunifukuza. Aliacha tu kuniita jina. Nikawa "huyo". Mwambieni huyo achote maji.

Aliyeniokoa ni bibi. Alikuja baada ya arobaini, kila mchana anambeba mtoto: "Kalale, akilia nitamzungusha." Saa mbili tu! Kumbe nusu ya uchizi wangu ulikuwa usingizi. Na aliniita jina langu, la kwangu, siyo mama nani. Baadaye nikafanya QT, ule mtihani wa kukuruhusu kufanya cha nne ukiwa nje ya shule, nikamaliza na cha nne. Leo nashona sare za shule, hebu ona.

Nesi wa Zahanati:
Dada, kliniki ya mama na mtoto tunapima uzito, tunachoma chanjo, tunaita "anayefuata". Mama mwenyewe hatumuulizi, na hilo ni kosa letu. Kulialia siku za mwanzo ni kawaida, hupungua ndani ya wiki mbili. Tangu Machi mpaka leo Julai, hapana, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Zipo dawa za kutumia hata ukiwa unanyonyesha.

Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, hospitali siku hiyohiyo. Kama kwako anaona aibu, apige 116, ni bure, ni simu ya watoto na yeye bado ni mtoto. Ila usimlete asubuhi ya kliniki, lile benchi lina macho. Ingawa sijui wanashangaa nini: utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshapata ujauzito.

Kaka Mtu:
Kwetu kilichoharibu ni "kuyamaliza nyumbani". Kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Wazee wakakaa, wakapokea hela na mbuzi wawili, dada akakatazwa kumtaja. Jamaa ana bodaboda, anapita mlangoni kila siku. Dada akisikia pikipiki anakimbilia chumbani, sisi tunamuita mvivu. Alipohamia kwa shangazi Tanga, mwezi haukuisha akaanza kucheka.

Mzee wa Busara:
Mkiwabembeleza hivi, wadogo zao wataiga.

Fundi Cherehani:
Mzee wangu, mdogo wangu aliniona natoka kisimani na ndoo kichwani, blauzi imelowa maziwa, wenzangu wanapita na madaftari. Aige nini?

Mama wa Moro:
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nilimuuliza usiku, umeme umekatika, nadhani giza lilisaidia. Akakaa kimya weee, halafu akasema, "Si kila siku, mama." Miguu iliniisha nguvu. Nililala naye, asubuhi tukaenda hospitali wote watatu. Daktari kazungumza naye peke yake, mimi nikatolewa nje. Tunarudi Alhamisi.

Saa nane mpaka saa kumi mchana mtoto ni wangu. Siku ya kwanza alikataa kulala, ya pili alilala mpaka magharibi nikashindwa kumuamsha.

Shule yake inampokea, ule waraka wa serikali wa Novemba 2021 unaruhusu waliozaa kurudi, lakini ile hataki hata kuisikia. Jana nilimsomea ulichoandika, Fundi. Akauliza mwenyewe: "Huyo dada, fomu ya QT aliichukulia wapi?"