Ada za mnada mtandaoni zimepanda: anayeuza vitu vya dola 4 afanyeje?

MkusanyaStempu:
Ndugu zangu, ninaishi Ohio, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijipatia fedha kidogo kwa kunadi mtandaoni stempu kuukuu za Zanzibar na Tanganyika, pamoja na zile sarafu za heller 20 (heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni la Wajerumani) zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati meli za Waingereza zilipowazuia Wajerumani kuletewa fedha kutoka kwao. Stempu zangu nyingi huishia dola 4. Zamani mtandao ninaoutumia ulikata asilimia 10 ya bei ya mwisho, yaani senti 40. Sasa unakata asilimia 13 ya jumla yote, pamoja na dola 1.50 ambazo mnunuzi hulipia posta, kisha unaongeza senti 30 kwa kila oda, hivyo ninaondokewa na takriban dola 1.01. Je, nipandishe bei ya kuanzia, niifiche tofauti hiyo ndani ya gharama za posta, au nihame kabisa?

MzeeSarafu:
Usiifiche kwenye posta. Mchezo huo ni wa zamani: watu waliuza kitu kwa senti 1 na kudai dola kadhaa za posta ili kamisheni iiangukie ile senti peke yake, mpaka eBay ya Marekani, mtandao wa minada, ikaanza, mwaka 2011, kukata kamisheni hata kwenye fedha ya posta. Kwako asilimia 13 inakatwa kote, kwa hiyo utakachopata ni kumkimbiza mnunuzi tu.

Hebu upige hesabu tena. Nyongeza yako ni takriban senti 61, na kati ya hizo kupanda kwa asilimia kwenyewe kumekugharimu senti 12 tu. Karibu senti 20 zinatoka kwenye posta, na 30 ni ile ada ya oda, ambayo haijali umeuza cha dola 4 au cha dola 40. Panga stempu tano kwa fungu moja la dola 20, kama nyanya sokoni, na makato yote yatakuwa takriban dola 3.10 badala ya dola 5 na ushei.

BintiKanga:
Hesabu ya Mzee ni sahihi, lakini anayetafuta stempu moja iliyopungua kwenye albamu yake hatanunua nne asizozihitaji, na fungu la dola 20 laweza kuishia dola 12. Afadhali stempu za kawaida uziondoe kwenye mnada na kuziwekea bei isiyobadilika, ukimruhusu mnunuzi azikusanye na kuzilipia kwa pamoja, maana mitandao mingi huhesabu malipo ya namna hiyo kuwa oda moja. Hata hivyo, kwa nini wauzaji wasigome?

Mwanasoko:
Dada, wamekwisha kugoma. Februari 2008, John Donahoe alipokuwa akiingia kuiongoza eBay, kampuni hiyo ilipunguza ada ya kuorodhesha (inayolipwa kwa kukitangaza kitu) lakini ikapandisha kamisheni ya dola 25 za kwanza kutoka asilimia 5.25 hadi 8.75. Wauzaji waliacha kuorodhesha kwa wiki nzima, na ada mpya zikabaki. Aprili 2022 wauzaji wa Etsy, mtandao wa kuuzia kazi za mikono, walifunga maduka yao kwa siku kadhaa, kamisheni ilipotoka asilimia 5 hadi 6.5, nayo ikabaki 6.5. Ushindi mdogo ninaoukumbuka ni wa mwaka 2005, malalamiko yalipomfanya Bill Cobb, aliyeisimamia eBay Amerika Kaskazini, awaandikie wauzaji barua na kushusha ada ya chini ya kuorodhesha kutoka senti 30 hadi 25.

Kuhusu kuhama, mnada bila wapanda dau si mnada. Stempu yako ikitazamwa na watu wawili itauzwa kwa bei ya kuanzia, hata kama ada ni sifuri.

MkusanyaStempu:
Nashukuruni. Sarafu za Tabora nitaziacha mnadani, kwa kuwa huko ndiko watu wanakoshindana, na stempu za dola 4 nitaziwekea bei isiyobadilika kama alivyosema BintiKanga. Mzee, zile zenye mihuri iliyofifia, ambazo hakuna anayezitafuta mojamoja, ndizo nitakazozipanga mafungu.