Uzi wa CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti): Waliosomea Marekani tupeane uzoefu, darasa lako lilikuwa la kufundisha au la kutia tiki?

MamaPacha (Minnesota)

Habarini za jioni wana jukwaa. Mdogo wangu wa kike kaingia hapa Minnesota mwezi uliopita, kibali cha kazi kimeshatoka, na kila Jumapili kanisani wimbo ni mmoja: "Mwambie afanye CNA, wiki tatu tu yuko kazini." Hawadanganyi. Hata mimi nilianzia hapo, 2011. Ila kabla sijamlipia ada nataka kusikia kwenu, maana shule nilizoziona ni za aina mbili: za kufundisha na za kutia tiki.

Yangu ilikuwa ya tiki. Chumba kimoja juu ya duka, wanafunzi kumi na wanane, mdoli mmoja aliyeng'oka mkono. Mwalimu alionyesha kumvalisha mgonjwa mara moja, sisi wa nyuma tukaambulia migongo ya wa mbele, ikapitishwa karatasi tukasaini kwamba tumefanya. Shifti yangu ya tatu kazini nikapewa babu aliyepooza upande wa kulia. Nikamwingiza shati mkono mzima kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa ukikubali. Shati likabana, ikabidi ule uliolegea niuvute nyuma ya mgongo. Babu hakuwa na kauli, lakini machozi yalimtoka. Nesi wa zamu akaja, akalivua shati lote bila kunisemesha, akaanza upya: mkono mgonjwa kwanza, polepole, kiwiko amekishikilia kwa chini, kisha mkono mzima ukafuata bila taabu. Kuvua ni kinyume chake, mzima unatangulia. Dakika mbili zimeisha. Na mimi hayo nilikuwa nimeyatilia saini!

Baadaye ndipo nikaitafuta sheria. Ni ya mwaka 1987, inahusu makao ya wazee yanayolipwa na Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali. Kima cha chini kwa nchi nzima ni saa 75, na ndani yake angalau 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi wa nesi. Kabla hujamgusa mkazi yeyote uwe umeshapata saa 16 za mambo ya msingi: kuongea na wazee, kuzuia maambukizi, usalama na dharura kama mtu akipaliwa, kumwachia mzee afanye mwenyewe anachokiweza, na haki zake. Anayesimamia mafunzo awe nesi aliyesajiliwa mwenye angalau miaka 2 ya uuguzi, na mmoja kati ya hiyo awe ameutumikia kwenye huduma za wazee. Wa kwetu wala sikuwahi kumuuliza.

Haya, nyie mlipitaje?

ShikaBreki (Dallas)

Umenikumbusha mbali. Texas ni masaa 100, 60 ya darasani na 40 ya kwenye makao. Shule yangu ilikuwa sawa, mwalimu mama mkali wa Kinigeria, ukichelewa dakika tano unarudi nyumbani. Niliyeanguka ni mimi.

Mtihani wa vitendo unapewa kazi tano, na kunawa mikono hakukosi. Yangu moja ilikuwa kumtoa mtu kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Nikabisha mlango, nikajitambulisha, nikavuta pazia, viatu visivyoteleza, mkanda kiunoni, yote. Breki ya kushoto nikafunga. Ya kulia nikaisahau. Mtahini hasemi kitu, anaandika tu, na wewe unajiona bingwa kabisa. Jioni majibu: rudia. Kuna hatua ukizikosa huwezi kufidia na kitu kingine, na hiyo ni moja wapo.

Sheria inataka upewe nafasi tatu angalau, kwa hiyo dada asiogope. Mara ya pili nilizifunga breki hadi mtahini akatabasamu. Sasa mnajua jina langu humu limetoka wapi.

MudaktariWaZamani (Portland, Maine)

Bonjour wote. Mimi ni wa Bukavu, Kongo. Kule nilikuwa muuguzi A1, yaani wa ngazi ya chuo, miaka tisa, hospitali kubwa. Nilipoambiwa nianze na CNA niliona ni matusi. Mimi nimeweka dripu usiku kwa mwanga wa simu, sasa nifundishwe kuosha mtu uso?

Siku ya pili darasani mwalimu ananipa beseni, ananiambia nimuoshe mwenzangu uso na mikono. Nikasimama. Ndugu zangu, miaka tisa sikuwa nimeosha mgonjwa hata mmoja. Kwetu kazi ile inafanywa na jamaa yake, yule mlinzi wa mgonjwa anayelala chini ya kitanda na sufuria zake. Mama yake ndiye anamuosha, dada yake ndiye anamlisha. Mimi nilikuwa napita na sindano. Sikujua kwamba macho yanaoshwa kutoka kwenye pua kwenda nje, bila sabuni, na kila jicho upande wake safi wa kitambaa. Nilikuwa wa mwisho darasani kumaliza.

Kitu kingine ni hodi. Kabla ya kuingia chumba cha mzee unabisha na kungoja. Nikasema kumbe Wazungu wana hodi na karibu kama sisi, na ukiisahau unakatwa alama! Hospitalini kwetu tulikuwa tunaingia tu.

Kwa wenye shida ya kusoma Kiingereza: maswali yanaweza kusomwa kwa sauti badala ya kuandika. Omba mapema, wakati wa kujiandikisha, si siku ya mtihani.

Nyawira_K (Baltimore)

Hapo kwa macho nimecheka, maana mimi nilimpaka mwenzangu sabuni jichoni. Tuendelee.

KakaLowell (Massachusetts)

La kwangu ni la pesa. Makao fulani hapa yalinipa barua ya ajira kwa sharti nimalize darasa lao wenyewe. Sawa, nikamaliza, nikaanza kazi. Mshahara wa kwanza umekatwa, wa pili umekatwa, naambiwa ni ada na kitabu. Nikanyamaza, mgeni nitasema nini. Nesi mmoja Mhaiti ndiye aliyenivuta pembeni wakati wa chai akaniuliza, "Wewe walikuajiri kabla ya darasa au baada?" Nikamwambia kabla. Akacheka akasema basi wamekula hela yako, nenda ofisini na barua yako.

Iko hivi: ukiwa umeajiriwa au una ahadi ya kazi kwenye makao ya wazee siku unayoanza darasa, hayo makao hayaruhusiwi kukutoza mafunzo wala kitabu wala mtihani. Na kama ulijilipia mwenyewe, kisha ukapata kazi kwenye makao hayo ya Medicare au Medicaid ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kukurudishia, kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Tunza risiti! Wakala wa kuhudumia watu majumbani hawamo kwenye hili, usije ukaenda kugombana nao.

Mimi nilikwenda na barua na hati mbili za mshahara. Walirudisha bila kelele, ambayo inakuonyesha walikuwa wanajua.

NgomaNzito (Seattle)

Mnahesabu saa kana kwamba saa ndizo zitakazokusaidia kumwinua mzee wa kilo mia na kumi. Nimefanya California, kule ni saa 160, na 100 ni za vitendo. Darasa zuri, cheti kizuri. Usiku mmoja wenzangu wawili wakapiga simu wanaumwa, nikabaki na wazee 22 peke yangu. Niliyofundishwa yote nilikuwa nayo kichwani, mikono ndiyo haikutosha. Tatizo ni idadi ya watu kwenye zamu. Mengine ni siasa.

MamaPacha

NgomaNzito kaka yangu, la zamu sikupingi hata kidogo, lifungulie uzi wake nitakuja wa kwanza. Lakini California hiyo hiyo uliyoisifia, anayetaka leseni ya kupaka watu rangi ya kucha anatakiwa asome saa 400. Kucha! Mwaka 2008 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kima cha nchi kiongezwe kutoka saa 75 hadi 120. Mimi nilisoma 2011, miaka mitatu baadaye, na bado ni 75. Huyo aliye peke yake na wazee 22, akiwa hajui kuvalisha, je?

WaKorona (Columbus, Ohio)

Mnaongelea 75, mimi niliingia na 8. Masika ya 2020, wakati wa korona, serikali ililegeza masharti, tukasoma kozi ya saa nane mtandaoni, nyumbani, mwanangu analia pembeni, kesho yake niko zamuni nimevaa gauni la plastiki. Sijivunii. Sijajuta pia, maana hakukuwa na mtu. Ruhusa ile ilifungwa mwezi Juni 2022, nikarudi darasani kama wengine.

Cha ajabu, darasani niligundua nilikuwa nasoma kipimo cha mkojo vibaya kwa miaka miwili. Nilikuwa nausoma nimeshika kopo mkononi, natazama kwa juu. Unaliweka mezani palipo sawa, unainama hadi macho yalingane na mstari. Nikajiuliza ni nesi gani alipandisha dawa kwa namba zangu. Sikuuliza mtu.

Chipukizi255 (Dar es Salaam)

Wakuu, shikamooni. Mimi ni mhudumu wa afya hapa Dar, nina cheti cha mwaka mmoja, nimepata green card. Nikifika nacho kinatambulika?

ShikaBreki

Marahaba. Kikiwa peke yake hakikuingizi kazini, kila jimbo lina rejista yake ya CNA na jina lako lazima liwe humo. Yapo majimbo yanayomruhusu mwenye masomo ya uuguzi aliyosoma nje kufanya mtihani bila kurudia darasa, mengine hapana. Andikia rejista ya jimbo unalokwenda, wewe mwenyewe, usimtume ajenti. Njoo na nakala za masomo yako zenye muhuri.

BintiPangani (Houston)

Nimesoma wote, nami niseme langu. Nilifanya CNA miaka sita, kisha mama akapata kiharusi nikarudi Tanga kumuuguza. Miaka miwili na miezi mitano. Nikimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku kwa saa ya simu, mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti. Amezikwa hana kidonda cha kulalia hata kimoja, na waliomwosha walilisema hilo.

Niliporudi Houston nikakuta jina langu kwenye rejista limelala. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi ya kulipwa, unarudia darasa au mtihani. Ya kulipwa. Nilimweleza yule dada kwenye simu nilichokuwa nikifanya muda wote huo, akasema pole sana, kisha akanitajia tarehe za mtihani.

Kazi yangu moja ikatoka kumlaza mgonjwa ubavu. Aliyejilaza alikuwa msichana wa Kifilipino, mtahiniwa mwenzangu. Lazima umwambie unachofanya kabla hujamgusa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, nakugeuza sasa." Mtahini akainua kichwa. Nikarudia kwa Kiingereza, nikaendelea. Nimefaulu, niko kazini mwezi wa nne huu.

MamaPacha

BintiPangani, pole mwaya. Mdogo wangu amekaa hapa pembeni anasoma, anauliza huko Houston ulifanyia wapi mazoezi kabla ya mtihani, ana shangazi huko. Nicheki pembeni.