Limfoma iliyorudi: je, dawa za kinga huongezwa kwenye tibakemikali?

Mwulizaji, Masasi: Shikamooni wakubwa. Mama mdogo ana limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu; alimaliza tibakemikali mwaka jana, na sasa tezi za shingoni zimevimba tena, moja ikiwa na ukubwa wa korosho. Je, mchanganyiko wa tibakemikali na dawa za kinga, yaani zinazotumia kinga ya mwili kupambana na saratani, umejaribiwa?

Jibu, Lindi: Pole sana, ndugu. Umejaribiwa: wagonjwa 80 wa limfoma ya seli B kubwa (seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu), iliyorudi au iliyokataa dawa, walipewa bendamustini, ambayo ni tibakemikali, na rituksimabu, ambayo ni dawa ya kinga, na nusu yao wakaongezewa polatuzumabu, kingamwili inayobeba sumu hadi ndani ya seli ya saratani. Ugonjwa ulitoweka vipimoni kwa asilimia 40 ya walioongezewa, na asilimia 17.5 ya wenzao. Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo mwaka 2019.

Jibu, Mtwara: Tafadhali, kabla ya rituksimabu apimwe homa ya ini B, kwa sababu dawa hiyo huweza kuamsha virusi vilivyolala. Kinyama cha tezi nacho kichukuliwe upya kwa vipimo.