Sensa ya sumaku kwenye tangi: asubuhi inasema hivi, mchana inasema vile

FundiKondele:
Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa redio na inveta hapa Kondele, Kisumu, na mwezi mzima huu kuna tangi moja limeninyima usingizi.

Mteja wangu anafuga vifaranga vya samaki upande wa Dunga. Alitaka kujua kiwango cha maji bila kupanda ngazi, nikamtengenezea mkono wa boya: upande mrefu unaelea ndani, upande mfupi uko nje juu ya kifuniko na umebeba sumaku ya neodimi. Karibu na sumaku kuna sensa ya Hall, inayogeuza nguvu ya sumaku kuwa volti (si ile sensa ya kuhesabu watu). Maji yakipanda, sumaku inasogea karibu, volti zinapanda. Bila sumaku sensa inakaa 2.50.

Saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa kwenye alama niliyochora kwa kalamu, nasoma volti 3.30. Saa nane mchana, maji pale pale kwenye alama, nasoma 3.26. Hizo milivolti 40 kwangu ni karibu sentimita nne. Mama mwenye samaki ananiuliza, "Fundi, maji yangu anakunywa nani?"

Sikukaa bure. Nilitia kipimajoto ndani ya boksi, nikaandika joto na volti siku tatu, nikachora mstari na kuutia kwenye programu. Alfajiri sawa, saa nane sawa. Lakini saa nne asubuhi na saa mbili usiku mambo yanaharibika. Joto likipanda vipimo vinafuata njia moja, likishuka vinafuata nyingine. Kwenye karatasi imetokea umbo la ndizi! Nimebadilisha sensa mara mbili, ndizi iko pale pale. Nimekosea wapi?

MzeeSolda, Nakuru:
Fundi, kabla ya kununua sensa ya tatu, nijibu: hicho kipimajoto umekibandika wapi hasa? Na umeme unaushushaje hadi volti 5?

FundiKondele:
Mzee, natumia regyuleta ya 7805, ile ya kushusha umeme hadi volti 5, kutoka betri ya sola ya volti 12. Kipimajoto kiko… kando yake. Ndipo palipokuwa na nafasi.

MzeeSolda, Nakuru:
Basi umekuwa ukipima homa ya regyuleta. Volti 7 zinazobaki mara miliampia 80, hiyo ni zaidi ya nusu wati. Bila bati la kupoza, 7805 inapanda digrii 30 na zaidi juu ya hewa iliyoizunguka. Sumaku nayo iko nje na joto lake, inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa. Ndizi yako ni huko kuchelewa.

Kisha umechanganya makosa mawili kwenye mstari mmoja. Neodimi hupoteza takriban asilimia 0.12 ya nguvu kwa kila digrii, na inairudisha ikipoa mradi haijaunguzwa. (Ungetumia sumaku ya feraiti ungelia zaidi, ile ni 0.2.) Kutoka digrii 20 hadi 45 ni asilimia 3. Sasa, kipimo chako cha kweli si 3.30. Toa 2.50, inabaki 0.80. Asilimia 3 ya hapo ni milivolti 24. Zile 16 zilizobaki zitafute kwenye sensa yenyewe, uanze na sifuri yake, yaani inachosoma bila sumaku. Ondoa sumaku kabisa, azima mashine ya kukausha nywele saluni ya jirani, pasha sensa, uone 2.50 inakwenda wapi.

KijanaWaMilimani:
Kwani lazima sumaku? Weka sensa ya mawimbi ya sauti juu ya tangi, ipime umbali wa maji kwa mwangwi, umalize.

MzeeSolda, Nakuru:
Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Sauti hewani huongeza mwendo kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii. Kwa digrii 25 hizo hizo, kosa ni zaidi ya asilimia 4.

DadaMaabara, Kakamega:
Nimecheka hapo kwa homa ya regyuleta, kwa sababu ndiyo shida yetu na mashine za kupima sukari ya damu. Kile kistripu kinachotiwa tone la damu kina kimeng'enya, kemikali inayochochea sukari ibadilike, na kimeng'enya kikipata joto hufanya kazi haraka. Kwa hiyo mashine ina kipimajoto chake ndani na inarekebisha yenyewe. Mhudumu akifika kwa boda, mkoba umepigwa jua, mashine ni ya moto lakini kistripu chembamba kimeshapoa dakika hiyo hiyo. Mashine inarekebisha joto ambalo damu haina. Mimi siwaruhusu kupima kabla mashine haijakaa kivulini nusu saa.

Kuna pia chipu za sumaku za kupimia protini za damu. Zile huwekewa sensa za pembeni zisizo na kingamwili ya kunasa protini, kwa hiyo hazinasi kitu, kazi yao ni kuonja joto tu halafu zinatolewa kwenye hesabu. Fundi, huwezi kuweka sensa ya pili mbali na sumaku?

MzeeSolda, Nakuru:
Anaweza, dada, na ni wazo zuri. Ila itamrekebishia sifuri peke yake. Sumaku ikipungua nguvu kwa joto, ile ya pembeni haitajua.

FundiKondele:
Narudi na majibu. Saluni walinidai mia kwa dakika kumi, na sifuri ilishuka milivolti 14. Regyuleta nimeihamishia boksi lake. Sensa ya pili iko umbali wa shubiri mbili, na kipimajoto nimekigandisha kwa epoksi kwenye bati linaloshika sumaku. Natoa sifuri kwanza, ndipo nagawanya kwa 1 − 0.0012 × (joto − 20). Nilipogeuza mpangilio, yaani kugawanya kabla ya kutoa, nilipata upuuzi.

Ndizi imekonda. Tofauti kubwa jana ilikuwa milivolti 5, nusu sentimita. Mama amelipa nusu. Nusu nyingine anasema tuonane baada ya mvua.